Tripu Kumi na Moja za Kokoto

Baba yangu hataki tepu. Ukitaka kuiharibu siku yako na yake, mpe tepu. Ataishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake, ataitazama, atakurudishia, halafu ataanza kutembea. Hatua moja, mita moja. Ndivyo alivyopima viwanja, njia, mitaro na maegesho ya magari kwa miaka arobaini, na wafanyakazi kwa utani wao wakampa jina la Mzee Tepu.

Tena kilichonifunga mdomo miaka yote hiyo ni kwamba alikuwa hakosei. Mafundi wa sehemu nyingine walikuwa wanakuja kuweka dau la soda: yeye anatembea, wao wanapima, na tofauti haifiki kiganja cha mkono. Soda zote alikunywa yeye. Ukishaona mambo kama hayo tangu utotoni, utasimama wapi umwambie mzee mwenye soda yake mkononi kwamba atumie tepu?

Siku hizi kampuni ni yangu, kama toroli sita, mashine ya kushindilia yenye kikohozi na gari bovu vinaweza kuitwa kampuni. Tunatandaza kokoto. Hesabu yake si ngumu: urefu mara upana mara kina, unaongeza kumi kwa mia kwa sababu kokoto zikishindiliwa hunywea, halafu unagawanya kwa nane, maana lori tunalokodi linabeba mita nane za ujazo. Jibu ndilo idadi ya tripu. Anayejua kuzidisha anaweza kuifanya. Ila urefu lazima uwe urefu kweli, na upana uwe upana kweli.

Mwezi uliopita tulikaa kikao sebuleni kwa baba: yeye, mimi na kaka yangu. Kaka ni karani, ana ofisi yenye feni na kiti cha kuzunguka, na mtu mwenye kiti cha namna hiyo huwa mwepesi sana wa kuwapumzisha wenzake. Alisema baba ametimiza miaka sabini na moja, sasa basi. Baba akasema hajachoka, na siku akichoka atajua mwenyewe bila kuletewa taarifa. Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mwisho baba akakata maneno.

"Siku nitakayokosea kipimo, nitakaa nyumbani. Sitasubiri kuambiwa."

Kaka akadaka hapohapo. "Kosa moja, baba?"

"Moja."

Wakapeana mikono kama watu wanaouziana ng'ombe, mimi nikabaki nawakodolea macho. Maana kuna jambo ambalo kaka halijui, au analijua na hataki kulitazama. Tangu mama afariki, kazi ndiyo inayomtoa baba kitandani. Siku za Jumapili nikipita kwake namkuta ameketi ukingoni mwa kitanda saa nne ya asubuhi, kavaa shati, kafunga vifungo vyote, hana pa kwenda. Mnyime Jumatatu, na hiyo ndiyo itakuwa wiki yake yote.

Sasa basi, tukapata kazi ya zahanati. Uwanja wa mbele pale ukinyeshewa unageuka uji, na gari la wagonjwa lilishakwama mara mbili mbele ya mlango wa wodi ya wazazi. Sista mkuu, mwanamke mfupi anayeongea kama anakuandikia dawa, alitaka uwanja mzima ufunikwe kokoto kabla ya Jumatatu. Mimi nilikuwa na kazi nyingine upande wa pili wa mji, kwa hiyo baba akaenda kupima peke yake. Alirudi akaniambia kabla hata hajavua kofia: "Arobaini kwa ishirini."

Nikaandika. Arobaini mara ishirini, mia nane. Kina sentimita kumi, themanini. Ongeza kumi kwa mia, themanini na nane. Gawanya kwa nane, kumi na moja kamili, bila hata nukta. Sikwenda kuangalia. Nalisema hilo mapema ili lisionekane kwamba nalificha.

Ijumaa dereva wa lori akamwaga tripu zote kumi na moja. Dereva huyu tunamwita Kimya, kwa sababu tangu tumjue hajawahi kunyamaza. Jumamosi alfajiri tukaanza kazi, mimi, baba na wafanyakazi wanne. Tukatandaza, tukasawazisha kwa reki, tukashindilia. Mashine ikakohoa, tukaibembeleza, ikakubali. Kufika saa nane mchana uwanja ulikuwa umejaa kona hadi kona, umenyooka vizuri hata mimi nikauonea fahari.

Na pembeni yake kulikuwa na mlima.

Sizungumzii toroli mbili tatu zinazobaki kila kazi. Nasema mlima wa kokoto, karibu tripu tano, umekaa mbele ya mlango wa wazazi kama mgeni aliyeambiwa ajisikie nyumbani. Nikauzunguka. Nikauzunguka tena, labda upande ule mwingine ungekuwa mdogo. Wafanyakazi wakaegemea makoleo yao wakawa wananitazama mimi, nami nikawa natazama daftari, na daftari halikuwa na la kusema.

Sista mkuu akatoka. "Hiki ni nini?"

"Ni kokoto, sista."

"Naona ni kokoto. Nina mama mjamzito amefika hapa ameshika kiuno, amelazimika kupita jikoni. Jikoni. Kati ya masufuria."

"Nakupa neno langu, ndani ya saa moja mlango utakuwa wazi."

"Dakika thelathini," akasema, akaingia ndani.

Nikawaambia wafanyakazi waanze kusogeza kwa toroli mpaka nyuma ya tanki la maji. Walishika toroli shingo upande, na sikuwalaumu. Kuchota kitu kwa koleo ulichokwisha kukilipia jasho asubuhi ni kazi inayouma mara mbili.

Baba alikuwa ameshafika kwenye mlima. Akasimama, mikono nyuma, akautazama kutoka chini hadi juu, halafu akamwita dereva, aliyekuwa amelala kwenye lori lake nje ya geti akisubiri tummalizie malipo yake.

"Kimya. Umeleta tripu ngapi?"

"Kumi na moja, mzee. Kama nilivyoambiwa. Na nilipoambiwa nilishangaa, nikasema moyoni, uwanja ule wa kumi na moja uko wapi, lakini mimi ni nani, mimi ni dereva, nikifungua mdomo wataniambia..."

"Umeleta kumi na sita."

Kimya akashika kifua. "Mzee wangu. Wizi naujua. Nimeshaibiwa, nimeshasingiziwa, nimefanya kazi na watu wanaopunguza mzigo njiani. Lakini hujawahi kuona dereva anayeiba kwa kuongeza. Nitazipata wapi hizo tano za zawadi? Mke wangu mwenyewe simpi zawadi."

Akatoa risiti za machimboni. Tukazihesabu juu ya boneti. Kumi na moja. Baba akazihesabu tena yeye mwenyewe, akilowesha kidole kwa mate, zikawa kumi na moja tena. Nikaona anavyozirudisha, polepole, na hasira yake ikatafuta pa kwenda.

"Basi mmetandaza nyembamba," akaniambia.

Ee, hapo damu ilinichemka. Tangu saa kumi na mbili asubuhi nimeinama na reki, mgongo wangu si wangu, halafu naambiwa nimetandaza nyembamba. Nikachukua ufito wetu wa kupimia kina, wa chuma wenye alama ya sentimita kumi, nikauchoma mbele yake. Kumi. Nikahamia katikati ya uwanja, kumi. Kona ya geti, kumi na kidogo. Chini ya dirisha la maabara, kumi. Nilichoma mahali ishirini, nikiita namba kwa sauti kubwa mpaka wagonjwa waliokaa kwenye benchi wakaanza kunifuata kwa macho. Baba alinifuata nyuma kila nilipokwenda, na kila mara ilinibidi nimsubiri.

"Ni kumi," akakubali mwishowe.

"Asante."

"Basi sijui."

Baba yangu, kuhusu kokoto, kusema hajui. Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Akaenda kukaa kwenye benchi na wagonjwa, akaomba maji.

Simu ikalia. Kaka. Ana kipaji cha kupiga simu wakati mbaya, amezaliwa nacho.

"Kazi inaendaje?"

"Inakwenda."

"Mzee je? Hajakosea?" Akacheka. Alikuwa anatania, lakini kwenye utani wake kulikuwa na mtu anayesubiri.

"Niko na kazi, kaka," nikakata.

Nikaenda kwenye gari, nikatoa tepu chini ya kiti. Nakiri kwamba nilijificha. Nilisubiri baba ageuke kuzungumza na mgonjwa mwenzake wa benchi, nikapita nyuma ya uzio, nikafunga ncha ya tepu kwenye nguzo ya kwanza, nikatembea nayo hadi nguzo ya mwisho.

Thelathini.

Nikasema tepu imeharibika. Nikarudi nikaanza upya kutoka upande wa pili. Thelathini. Nikapima upana. Kumi na tano. Nikachuchumaa palepale nyuma ya uzio, nikaandika juu ya kiganja kwa kalamu. Thelathini mara kumi na tano, mia nne hamsini. Kwa kina cha kumi, arobaini na tano. Na ya kushindilia, karibu hamsini. Tripu sita na toroli kadhaa. Ndizo hasa tulizotandaza. Kokoto zilikuwa sawa, dereva alikuwa sawa, kina kilikuwa sawa. Robo ilipotea kwenye urefu, robo ikapotea kwenye upana, na mbili hizo zikikutana zinakula karibu nusu ya uwanja.

Nikabaki nimechuchumaa. Maana mwaka mzima huu nilikuwa na ugomvi mmoja na baba, nao ni uchelewaji. Tukienda sokoni namsubiri kwenye kona. Tukienda hospitali kumwona shangazi namsubiri kwenye ngazi. "Baba, tembea bwana, tutafunga njia." "Baba, watu wanatusubiri." Nilimwona mvivu. Nilimwona anafanya makusudi, mkaidi kama kawaida yake, anatembea kwa raha zake ili kunikomoa. Mimi, ambaye napiga hesabu kuanzia asubuhi hadi jioni, hiyo moja sikuipiga. Nilijionea aibu, na kwa sababu sijui kuona aibu bila hasira, nikaupiga teke uzio, nikaumia kidole.

Halafu nikaamua kudanganya. Sikufikiri mara mbili. Nilirudi nikipanga maneno, nikamkuta bado yuko kwenye benchi, kofia gotini.

"Baba, nimelipata kosa. Ni langu. Kwenye kina, badala ya kuweka kumi nimeweka kumi na nane."

Akanitazama. "Kumi na nane."

"Kumi na nane. Nilichoka, nilikuwa na kazi ile nyingine kichwani."

"Nani anatandaza sentimita kumi na nane uwanja wa zahanati? Zinatua ndege hapa?"

"Ndiyo maana nasema nilikosea."

"Lete daftari."

"Baba, daftari la nini tena, nimeshasema ni mimi."

"Lete daftari."

Mtu aliyekufundisha hesabu ya kokoto kwa kukuchorea kwa kijiti chini, huwezi kumpiga chenga kwenye daftari. Nikampa. Akavaa miwani, akafuata mistari kwa kidole. Mia nane. Themanini. Themanini na nane. Kumi na moja. Alirudi juu, akaanza tena, midomo ikitembea. Nilitamani sana, kwa mara ya kwanza maishani, niwe nimekosea hesabu.

"Hesabu hii haina kosa," akasema. Akafunga daftari. "Umepima?"

Nikaanza kukung'uta vumbi kwenye suruali.

"Nimekuuliza, mwanangu. Umepima?"

"Nimepima."

"Ngapi?"

"Thelathini kwa kumi na tano."

Mgonjwa aliyekaa naye akasogea kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake. Baba akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Tepu yako imekatika mwanzoni. Tepu za siku hizi zinakatika."

Nikampa aikague. Akaivuta kidogo, akatazama ncha ya chuma, akatazama sifuri, akatazama moja. Haikukatika.

"Ilaze chini," akasema.

Tukailaza pamoja kando ya ukuta, mimi nikiwa upande wa mbele na yeye upande wa mwanzo, tukiivuta mpaka ikanyooka. Wafanyakazi waliacha toroli. Nikawatupia jicho, wakarudi kuchapa kazi. Nikaja nikasimama kando yake. Akaunganisha visigino kwenye sifuri, akanyoosha shati, akaanza kutembea akihesabu kwa sauti, sauti ileile aliyonayo tangu nikiwa mdogo, namba zikitoka sawasawa, moja, mbili, tatu.

Mimi nilitazama miguu. Sikumbuki kama niliwahi kuitazama nikiwa mtu mzima. Mguu wa kulia ulikuwa unanyanyuka vizuri. Wa kushoto ulikuwa unakwaruza kokoto kabla ya kunyanyuka, halafu unatua mapema, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Hakuwa na habari nao. Alikuwa ameinua kidevu, anatazama mbele, anatembea mita, kwa imani yake yote anatembea mita. Nilitaka kumwambia asimame. Nikaishia kutembea kando yake.

"Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini."

Akasimama. Akatazama chini. Ncha ya kiatu chake ilikuwa kwenye thelathini, pale hasa ukuta wa zahanati ulipoishia na geti kuanza. Hata katika kukosea alikuwa hajapishana hata kwa kiganja.

Akapangusa vumbi la kokoto juu ya tepu kwa ncha ya kiatu.

"Kaka yako," akasema, "nitamwambia mwenyewe. Leo. Tulipeana mikono."

"Mwambie nini?"

"Kwamba nimekosea kipimo."

"Hujakosea." Nilisikia sauti yangu inapanda, nikaiacha ipande. "Uliniambia arobaini, na arobaini ndizo hizi, nimezihesabu pamoja na wewe. Hukuniambia mita. Aliyeandika mita ni mimi, nimekaa kilomita kumi kutoka hapa, sikunyanyua hata mguu kuja kuangalia. Kama kuna mtu wa kukaa nyumbani nitakaa mimi."

"Acha kunifariji kwa hasira."

"Sikufariji. Nimekasirika kweli. Mwambie kaka unachotaka. Halafu umwambie Jumatatu saa moja asubuhi napita kukuchukua, kuna njia ya shule inataka kupimwa, na mimi siwezi kushika tepu pande mbili."

Baba alitoa leso akajifuta uso, akautazama uwanja wote, mlango wa wazazi ambao sasa ulianza kuonekana, na Kimya aliyekuwa anamweleza mgonjwa mmoja jinsi alivyosingiziwa. Kisha akanyoosha mkono kwenye daftari langu, akalifungua ukurasa wa nyuma kabisa, usio na kitu, akanirudishia.

"Mita thelathini kwa hatua arobaini. Hatua moja ni ngapi?"

Nilijua. Nililijua jibu tangu nyuma ya uzio, lakini nikaanza kutafuta kalamu mfukoni.

"Sabini na tano," akasema mwenyewe. "Andika. Hatua ya baba, sentimita sabini na tano."

Nikaandika. Mwandiko ulikuwa mbaya.

"Weka na tarehe."

"Tarehe ya nini, baba?"

"Itapungua tena," akasema. Akasimama karibu yangu, akisubiri niiandike.